Uzi, Kontua na Kishikwambi

Aliyesoma jiografia ya sekondari Tanzania atakumbuka uzi. Unapewa kipande cha ramani ya 1:50,000, unaambiwa upime barabara kutoka darajani hadi misheni, nawe unalaza uzi juu ya ule mstari, unaufuatisha kona kwa kona, kisha unaunyoosha kwenye rula. Sentimita mbili ni kilomita moja. Uzi ukiteleza, unaanza upya. Wangu niliuchomoa kwenye pindo la sweta la shule, na mama hakufurahi.

Siku hizi simu inapima barabara hiyohiyo kabla hujamaliza kuuliza. Ndiyo maana hawakosekani wanaosema ramani za kidijitali na mifumo ya taarifa za kijiografia, ile tunayoiita GIS, ziingie madarasani na uzi upelekwe makumbusho. Wapo pia wanaojibu kwamba hayo ni mambo ya shule zenye umeme na vioo madirishani. Kwa nyakati tofauti nimekuwa kambi zote mbili. Sasa naona zote zinabishania kifaa, na swali la nani anashika kalamu limeachwa nje ya mlango.

Tuanze na hoja ya wanaotaka mabadiliko, maana ina uzito. Ramani ya mtihani humwonyesha mtoto mahali ambapo hajawahi kukanyaga, na karatasi nyingi za 1:50,000 zilitokana na picha za ndege zilizopigwa miongo kadhaa iliyopita. Anajifunza kusoma nchi ambayo haipo tena hivyo. Linganisha na kilichofanyika Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua makumi ya watu, ilidhihirika kwamba mitaa mingi iliyozama ilikuwa doa tupu kwenye ramani. Mwaka 2015 ukaanzishwa mradi wa Ramani Huria, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na timu ya kibinadamu ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Walioshika kazi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe. Walipita Tandale na kwingineko wakiandika nyumba, vichochoro na mitaro: mtaro una upana gani, una kina gani, umeziba au unapitisha maji.

Mwanafunzi aliyepima mtaro uliojaa taka haulizwi tena jiografia ina faida gani. Anajua kwamba mita mbili za upana zinaamua maji yataingia chumba cha nani. Anajifunza pia kutafsiri, kwa sababu mkazi hasemi "sentimita tisini". Anasema maji yalifika kiunoni, na hapo inabidi kuuliza kiuno cha nani, cha baba au cha mtoto. Kisha nyumba, barabara na maji vinapangwa kwenye kompyuta kama tabaka, moja juu ya jingine, na unaweza kuhesabu majengo mangapi yatalowa mto ukipanda. Uzi wangu usingeweza hata kuliuliza swali hilo.

Zanzibar nako, kuanzia 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakawa miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha.

Lakini angalia: mifano hii yote ni ya vyuo vikuu. Ukishuka sekondari, mambo yanabadilika, na hapo watetezi wa karatasi wana hoja ambayo wengi huipuuza haraka mno. Karatasi ina haki. Mwanafunzi wa Kibondo na mwenzake wa Masaki wanafunua ramani ileile, saa ileile, bila bando wala chaji. Ukiuweka mtihani kwenye kompyuta kesho, utakuwa umepima mfuko wa mzazi. Na mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Hilo halina lawama, matokeo ya shule yanabandikwa jina lake.

Hoja yao ya pili ni ya ndani zaidi. Chukua zoezi la kuchora mkato wa ardhi kutoka kilima hadi bonde. Kwa mkono, linakula vipindi viwili: unahamisha kila kontua, ule mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, kwenye ukingo wa karatasi, unachagua kipimio cha wima, unakokotoa umeukuza mwinuko mara ngapi. QGIS, programu ya bure ya GIS iliyoanza mwaka 2002, inakupa mkato huo kwa sekunde chache. Haikuambii, usipouliza, kwamba imeuvuta mlima juu ili ujae kioo. Aliyechora kwa mkono atashtuka akiona kichuguu kimekuwa Kilimanjaro. Aliyebonyeza tu atakiandikia maelezo.

Kuna mtego mwingine naupenda kwa sababu unafundisha sana. Data za mwinuko zinazotumika bure duniani kote, za SRTM, zilikusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Rada ile mara nyingi iliishia kwenye vilele vya miti badala ya udongo. Kwa hiyo kwenye delta ya Rufiji mikoko mirefu inaweza kujitokeza kama ardhi iliyoinuka, mahali ambapo mvuvi yeyote atakuambia maji ya bahari yanaingia kila siku. Kompyuta haijakosea hesabu. Imeulizwa jambo ambalo haikupima. Anayeijua kontua kwa vidole, au anayemjua mvuvi, atalinasa kosa hilo. Mwingine atapendekeza shule ijengwe pale.

Kwenye ramani ya dunia mizani inarudi kwa kompyuta. Ile iliyozoeleka ukutani na kwenye tovuti nyingi, ya mtindo wa Mercator, inaonyesha Greenland karibu sawa na Afrika, wakati Afrika inaizidi mara kumi na nne hivi. Mwalimu anaweza kulisema hilo mara kumi na darasa likaitikia "ndiyo mwalimu". Kwenye QGIS anabadilisha namna ya kuilaza dunia kwenye bapa, na Greenland inasinyaa mbele ya macho yao. Hapo sihitaji kushawishiwa.

Kinachonisumbua kuliko umeme ni mambo mawili yasiyosemwa kwenye warsha. Kwanza, fedha. Mtandao wa YouthMappers, unaounganisha vikundi vya wachora ramani vyuoni, vikiwemo vya Tanzania, ulianza 2015 kwa ufadhili wa USAID. Mwaka 2025 USAID ikafungwa. Somo likitegemea bajeti ya nchi nyingine, siku moja wanafunzi watalikuta limehama bila kuaga.

Pili, ramani inaweza kuumiza. Crowd2Map, mradi wa wachora ramani wa kujitolea, imekuwa ikijaza vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap, na mkoani Mara kazi hiyo imesaidia wanaowatafuta wasichana waliokimbia ukeketaji usiku, kwenye vijiji ambavyo havikuwa na barabara hata moja kwenye ramani. Kubwa hilo. Lakini ramani inayomwonyesha mwokozi njia ya kumfikia msichana inaweza pia kumwonyesha anayemwinda nyumba alikofichwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila sheria haikai mfukoni mwa mtoto wa kidato cha pili aliyetumwa kuandika nani anaishi wapi. Kabla ya kumfundisha kuweka alama, afundishwe alama ipi haiwekwi.

Basi nasimama wapi? Sitaki maabara ya kompyuta kwa ajili ya GIS. Nimeona za kutosha zilizofungwa kufuli huku ufunguo ukikaa kwa mkuu wa shule. Na kifaa tayari kipo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Ndivyo vilivyobeba ramani za maeneo ya kuhesabia. Leo vinaandalia masomo na, tusifichane, vinaonyesha mechi ya Simba na Yanga. Kishikwambi kimoja kwa darasa zima kinatosha, kwa sababu programu za kukusanyia data zinafanya kazi bila mtandao, na sehemu kubwa ya kazi ni kutembea. Watoto watoke na karatasi iliyochapishwa ramani ya kata yao. Waweke visima, mitaro, miembe watu wanakofanyia mikutano. Wabishane kijito kinaitwaje, kisha wamwite mzee awaamue, na mzee naye akute mwenzake anapinga. Wakirudi, mmoja anaingiza, wengine wanamkosoa. Dira, ufunguo, kipimio, fremu na jina, vile vitu vitano tulivyokariri shule ya msingi, vinapata kazi. Uzi pia ubaki: wapime kwa uzi, wapime kwa kishikwambi, waeleze kwa nini majibu hayafanani.

Hayo hayatafanyika mtihani ukibaki ulivyo, na sidai uhamie kwenye kompyuta. Ningeongeza swali moja tu, kwenye karatasi ileile, chini ya swali la kupima barabara: "Taja vitu viwili muhimu kwa wakazi ambavyo mchoraji wa ramani hii anaweza kuwa ameviacha. Ungevithibitisha kwa nani, na kipi kati yake usingekichora?"