Saa nitaizeesha, namba sichongi

Kuna watu wana ujasiri wa kuzaliwa nao. Juzi kijana mmoja wa hapa Arusha, fundi simu na chalii mwenye heshima zake, kanitumia picha ya kopi ya Rolex Submariner, saa ya wazamiaji, ikifuatana na ujumbe wa sauti: "Kaka mkubwa, shikamoo. Naomba uizeeshe kama ile yako, halafu unichongee na namba pale ubavuni. Desemba napanda nayo Marangu, nampelekea baba mkwe. Nitamwambia nimeipata kwa familia ya mzungu aliyekuwa na shamba la kahawa."

Baba mkwe! Mzee kakupa binti, wewe unamrudishia kiini macho.

Nikamjibu namba ya kiwandani, ile inayotambulisha saa ya kweli, sichongi. Akashangaa kabisa, si kwa utani. Tofauti iko wapi, akaniuliza, wakati wewe mwenyewe unalowesha nyuso za saa kwenye chai ya rangi? Swali lake ni la haki, na limenikera zaidi kwa sababu hiyo.

Mnaonifuata hapa mnajua starehe yangu. Natafuta kopi ya saa ya kizamani, naifungua, natoa kioo cha kisasa naweka cha plastiki kilichovimba kidogo, nabadilisha mishale, na mashine ikiwa mbovu naweka nyingine. Kisha chai. Majani mengi, maji kidogo, bila sukari, maana ukitia sukari uso unanata na sisimizi wanakutembelea. Unachovya, unatoa, unakausha, unaangalia. Ukizidisha, vile vidoti vyeupe vinakuwa vya kahawia kama vimepikwa na saa nzima inachekesha. Ukipatia, vinakuwa na manjano hafifu, na mtu anayejua akikutana nawe anatabasamu. Kioo nakikwaruza kwa makusudi halafu nakisugua kwa dawa ya meno mpaka ibaki mikwaruzo michache ya kawaida. Ndiyo, mtu mzima. Wengine wanafuga njiwa.

Na kabla hujanicheka, niambie ungejifunzia wapi. Mafundi saa wa kweli mjini wanahesabika kwa vidole. Wengi waliobaki ni wa betri na mikanda. Hakuna atakayekupa saa yake ya mamilioni ujifunzie. Kopi ya elfu themanini ukiivunja, umevunja elfu themanini. Tena mashine za ndani si takataka zote. Ile mashine ya Kichina iitwayo ST19, inayowekwa kwenye saa nyingi za mtindo wa kronografu, yaani zenye kipima muda, asili yake ni mashine ya Venus 175 ya Uswisi. Wachina walinunua vifaa vya kuitengenezea mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili watengeneze saa za marubani wao. Ifungue uitazame inavyofanya kazi. Mashine hiyo haina uongo wowote. Uongo uko usoni.

Utamu wenyewe, lakini, si kuzeesha. Ni kukagua. Ukishatengeneza kopi kwa mikono yako, jicho linanoa, na picha mbovu ya simu inatosha. Turudi kwenye picha za fundi simu wetu. Anasema saa ni Submariner toleo la 5513 ya mwaka 1972. Sawa. Pale chini ya sita kumeandikwa SWISS MADE basi. Submariner ya miaka hiyo inaandikwa SWISS - T<25, na T ni ya tritiamu, ile rangi iliyokuwa inang'aa gizani. Kwenye saa yake, maandishi ya nusu ya chini ya uso ni mistari minne. Yale maneno marefu ya kujisifu kwamba mashine imepimwa na kuthibitishwa ni ya ndugu yake, 5512. 5513 haikupelekwa kwenye kipimo hicho, kwa hiyo ina mistari miwili tu, kina cha maji inachohimili na jina. Halafu, kwa fahari kabisa, kanitumia picha nyingine iliyopigwa gizani. Saa inawaka! Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushee. Ikifika miaka 50 imebaki kama asilimia 6, na unga wenyewe uliokuwa unawashwa nayo umeshachoka. Submariner ya 1972 inayowaka hivyo ni ya kumulikia njia ya chooni.

Na hapo sijaigusa. Ningeiweka karibu na maiki ya simu, kuna programu zinazohesabu mapigo, ingenambia mengine: mashine iitwayo 1520 iliyokuwa kwenye 5513 inapiga mara 19,800 kwa saa, wakati kopi nyingi zinakimbia 28,800. Huhitaji hata programu ukishazoea. Moja inatembea, nyingine ina haraka.

(Nikiwa hapo: wale mnaokwangua rangi ya nyuso za zamani kabisa, za kabla ya tritiamu, acheni. Ile ni rediamu. Haing'ai tena lakini sumu yake iko palepale, nusu yake inachukua miaka 1,600 kuisha, na vumbi lake halitakiwi kifuani mwako. Starehe isikuue.)

Sasa jiulize, saa yenye makosa yote hayo, namba ubavuni ingeisaidia nini? Mbele ya anayejua, haisaidii kitu. Huyo ameshaiangusha kabla hajavua mkanda. Namba ni kwa ajili ya asiyejua. Ni kwa ajili ya siku mzee atakapovua mkanda, avae miwani, aone tarakimu zimechongwa pale katikati ya masikio ya saa, mkanda unaposhikia, halafu aamini. Hiyo ndiyo kazi niliyoombwa. Sikuombwa kupendezesha saa. Niliombwa kumchongea mzee imani.

Na saa haifi na aliyeidanganyia. Hili ndilo watu wa starehe yetu hawataki kulifikiri. Mzee ataivaa kanisani, atawaonyesha wazee wenzake, atasimulia habari za mzungu wa kahawa kwa uaminifu wote maana yeye hakudanganya mtu. Miaka itapita. Siku mzee atakapofariki, ukoo utakaa. Mnajua vikao vile, mnajua vinavyoweza kwenda mpaka usiku. Mmoja atapewa kihamba, lile shamba la ukoo. Mwingine atapewa kile kiwanja cha chini. Wa tatu, yule mpole asiyependa ugomvi, ataambiwa: wewe chukua saa ya baba, ile ni mali, ina mamilioni, hata namba yake iko hapa. Atakubali. Atateremka nayo Arusha, atazunguka, ataelekezwa kwa mtu kama mimi, nitaweka lenzi jichoni, na mimi ndiye nitakayemwambia kwamba alibadilishana ardhi ya babu zake na chuma cha elfu themanini kilicholoweshwa kwenye chai. Atarudi Marangu aseme nini? Kikao kimeshafungwa, muhtasari umeshasainiwa. Atamdai nani? Shemeji aliyeleta saa atasema na yeye aliuziwa.

Nioneshe kwenye mlolongo huo mahali ambapo mtu angeweza kusoma ukweli. Hapana pengine isipokuwa ndani ya mfuniko wenyewe. Ndiyo maana kila saa inayopita mezani kwangu, kabla sijaifunga, upande wa ndani wa mgongo nachora kwa sindano ya kuchongea: KOPI, mwaka niliyoifanyia kazi, na alama yangu. Herufi mbaya mbaya, lakini zinasomeka. Mwenzangu mmoja wa Moshi ananiambia natia doa kazi nzuri. Doa! Ananiambia pia kwamba mtu akitaka atayasugua yatoke. Haya, ni kweli, yanasugulika. Lakini atakayeyasugua awe ameamua kuwa mwizi kwa akili zake timamu. Asiniambie hakujua.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa Arusha tunapaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote duniani. Tanzanaiti nyingi zikitoka Mirerani ni kahawia, hazina mvuto. Zinachomwa kwenye tanuru, joto la kama nyuzi 500, ndipo bluu inatokea. Kila broka anajua, mnunuzi wa ng'ambo anajua, na hakuna anayeliita jiwe lililochomwa feki. Lakini lete chupa ya bluu iliyokatwa vizuri useme ni tanzanaiti, uone. Watakugeuzia lile jiwe kwenye jua: tanzanaiti ukiigeuza inabadilika, huku bluu, huku zambarau, chupa inabaki na bluu yake ileile. Chai yangu ni ule moto wa tanuru. Namba ndiyo chupa.

Kuna watakaosema dawa ni kudai karatasi za kuthibitisha asili ya saa. Karatasi! Mwaka 2021 kule Geneva iliuzwa kwa mnada Omega Speedmaster ya 1957, ile 2915-1, kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Mnunuzi alikuwa makumbusho ya Omega yenyewe. Mwaka 2023 Omega hao hao wakatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipande. Kampuni iliyoitengeneza, yenye kumbukumbu zake na wataalamu wake, iliinunua. Sasa baba mkwe wa Marangu na miwani yake ya kusomea atajitetea kwa lipi?

Kuhusu mzungu wa shamba la kahawa sitaki hata kupoteza nguvu. Kwa idadi ya saa zinazosemekana ziliachwa na wazungu wa kahawa mkoa wa Kilimanjaro, watu wale walikuwa wanavaa saa mpaka kwenye viwiko na kahawa wanachuma kwa meno. Simulizi ina thamani ikiwa na kitu cha kuishika. Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman ilifika dola milioni 17.75 mwaka 2017 kule New York kwa sababu picha zake akiwa ameivaa zipo, aliyepewa alikuwepo akiwa hai kusema, na mgongoni kulikuwa na maneno ya mkewe. Wewe una ujumbe wa sauti.

Haya, sasa pale aliponipata. Maana kijana hakunyamaza. Alinijibu: "Sawa kaka, namba ni uongo. Na hilo jina Rolex lililoko kwenye saa yako, ni nini?"

Nilikaa kimya kidogo. Kwa sheria ya alama za bidhaa, ile ya 1963, sina pa kujificha. Watu wa FCC, ile tume ya ushindani inayokamata bidhaa bandia, hawana kifungu cha chai. Naweza kusema siuzi, na ni kweli siuzi wala sigawi, zinakaa mkononi mwangu na kwenye droo, na ndani zina lile neno. Naweza kusema kila anayeniuliza namwambia ni kopi kabla hajamaliza swali. Lakini nikiwa nimekaa kwenye daladala, mtu wa pembeni hanifungui mgongo. Anasoma usoni. Utetezi wangu ni mwembamba, najua, na sipendi kwamba aliyeutoboa ni mtu anayetaka kumwibia mkwewe.

Nilimwambia kitu kimoja ambacho hakukipenda: kama nia ni kumheshimu mzee, Seiko 5 ya zamani, orijino, inapatikana hapahapa kwa pesa ndogo kuliko hizo alizotaka kunilipa. Haina mzungu ndani yake. Nitaisafisha, nitaitia mafuta, itatembea. Labda hata mzee aliwahi kuwa nayo akaiuza alipokuwa anasomesha. Hajanijibu mpaka leo, na bila shaka kapata mchongaji mwingine, wapo.

Upande wangu, nimeamua kuacha nyuso zenye majina ya watu. Zinapatikana nyuso tupu, umbo lilelile la kizamani, vidoti vilevile, bila maandishi ya kampuni yoyote, na chai inazikubali vizuri tu. Nimeshaagiza. Mwenzangu wa Moshi anasema saa isiyo na jina ni kama haijavaliwa, na kwamba nimeanza kuzeeka mimi badala ya saa. Sawa mangi. Zile zenye majina zilizoko kwenye droo sijajua nizifanyeje. Kuzivunja naona uchungu, kuziacha naona aibu.

Kwa sasa ninachohitaji ni mishale. Mwenye saa zilizokufa nyumbani, Seiko, Citizen, Oris, chochote cha kutia ufunguo, asiwape watoto wachezee. Aniandikie, hata kama kioo kimepasuka na mashine imejaa kutu.