Delta-8: Marufuku Isiyotofautisha

Novemba 2025, ndani ya sheria ya bajeti iliyofungua tena shughuli za serikali, Bunge la Marekani liliingiza kifungu kinachobadilisha maana ya hempu. Tangu 2018, mmea wa bangi ulihesabiwa kuwa hempu, na hivyo halali, iwapo delta-9 THC, kemikali kuu inayolevya katika bangi, haikuzidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu. Sasa itahesabiwa THC ya kila aina, bidhaa ya mwisho haitaruhusiwa kuzidi miligramu 0.4 za THC katika kifungashio kizima, na kila kanabinoidi (kemikali ya jamii ya THC) iliyotengenezwa nje ya mmea itakosa kinga ya sheria. Kifungu hicho kisipobadilishwa, kitaanza kutumika Novemba 2026. Wengi wamekipokea kama mwanya uliozibwa kwa kuchelewa, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo, wanaoomba soko la delta-8 na bidhaa nyingine za hempu zinazolevya lisimamiwe badala ya kufutwa wamesikilizwa kidogo mno, pengine kwa sababu sauti zao zimechanganywa na za wachuuzi wasiojali wanachouza.

Baada ya 2018 wakulima walikimbilia hempu, CBD, kemikali ya hempu isiyolevya, ikafurika na bei yake ikaporomoka. Wenye shehena walikuta kwamba CBD, ikiyeyushwa katika kiyeyusho kama tolueni kisha ikatiwa asidi na kupashwa joto, hugeuka kuwa delta-8 THC, ambayo hulevya, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko delta-9. Mmea wenyewe hutoa delta-8 kidogo mno, kwa hiyo karibu yote iliyoko madukani imepitia maabara. Si sawa kuiweka kapu moja na K2 au Spice, kemikali za jamii ya JWH-018 ambazo hazitokani na mmea na ambazo madhara yake ni makali zaidi. Habari nyingi huziita zote bangi bandia, na msomaji huachwa akidhani hatari yake ni moja.

Wanaounga mkono marufuku wana hoja nzito. Kati ya Januari 2021 na Februari 2022, vituo vya Marekani vinavyoshughulikia sumu vilipokea taarifa 2,362 zilizohusu delta-8, na asilimia 41 ya waliohusika walikuwa chini ya umri wa miaka 18. Kifo cha mtoto mmoja kimo katika kumbukumbu hizo. Peremende laini zenye rangi za kuvutia, zikiuzwa katika kituo cha mafuta karibu na pipi za kawaida, ni mtego kwa mtoto, na hakuna hoja ya uhuru wa biashara inayoweza kuutetea. Isitoshe, kila molekuli moja inapobanwa huja nyingine. Mamlaka ya Japani ilipiga marufuku HHCH, kanabinoidi nyingine ya maabara, Desemba 2023, baada ya watu waliokula peremende zenye kemikali hiyo katika tamasha jijini Tokyo kupelekwa hospitali.

Lakini tukiuliza ni nini hasa kinachodhuru ndani ya kifungashio, jibu halielekei moja kwa moja kwenye marufuku. Mgeuzo wa CBD usiposimamiwa vizuri huacha mabaki ya viyeyusho, asidi, metali kutoka kwenye vichocheo, na kemikali za pembeni ambazo hakuna aliyezichunguza kwa binadamu. Mwaka 2021 Baraza la Bangi la Marekani, ambalo ni chama cha wafanyabiashara wa bangi yenye leseni, lilipima sampuli 16 za delta-8, na 15 zikakutwa na delta-9 kupita kiwango cha sheria. Chama hicho kina maslahi ya kumwondoa mshindani, na tulisome tokeo lake tukijua hivyo. Hata hivyo, linaonyesha kasoro ambayo maabara huru na ukaguzi wa kawaida vingeigundua kabla ya bidhaa kufika dukani.

Takwimu inayonishughulisha zaidi ilichapishwa Machi 2024. Katika uchunguzi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari uliofanywa 2023, asilimia 11.4 walisema walitumia delta-8 katika miezi 12 iliyotangulia. Namba hiyo ilinukuliwa kila mahali kama ushahidi wa kutaka marufuku. Iliyonukuliwa kwa nadra ni ile iliyofuata katika ripoti hiyohiyo: kwenye majimbo yasiyo na kanuni zozote za delta-8, matumizi yalikuwa asilimia 14.4, na kwenye majimbo yenye kanuni yalikuwa 5.7. Ni kweli kwamba uchunguzi wa wakati mmoja hauthibitishi kilichosababisha, na kwamba ndani ya kundi la kanuni yamo majimbo yaliyopiga marufuku pamoja na yaliyoweka masharti tu. Mtetezi wa marufuku anaweza kuidai namba hiyo kwa haki. Lakini ripoti ileile inaonyesha pia kwamba palipo na bangi halali kwa watu wazima matumizi yalikuwa asilimia 8.0, na pasipo nayo yalikuwa 14.0. Namba hizi mbili zikisomwa pamoja, ni vigumu kukwepa dhana kwamba vijana walifuata delta-8 pale ambapo hakuna aliyesimamia chochote, na ambapo muuzaji hakulazimika kuuliza umri.

Majimbo kadhaa yaliielewa hali hiyo mapema. Minnesota iliruhusu mwaka 2022 vyakula vyenye THC ya hempu kwa kikomo cha miligramu 5 kwa kila kipimo, kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi. Kentucky, jimbo la wakulima wa hempu, ilifuata 2023 kwa sheria ya umri na upimaji. Juni 2025 Gavana Greg Abbott wa Texas alikataa kutia saini muswada wa marufuku, akataka bidhaa hizi zisimamiwe mfano wa pombe.

Kuhusu uhalali, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa iliamua Mei 2022 kwamba maneno ya sheria ya 2018 yaliihesabu delta-8 ya hempu kuwa halali, na kwamba kama Bunge liliacha mwanya, kuuziba ni kazi ya Bunge. Mamlaka hayo hayana ubishi. Kinachobishaniwa ni upana wa kilichofanywa. Kikomo cha miligramu 0.4 kwa kifungashio kinagusa hata mafuta mengi ya CBD yasiyolevya, ambayo hubeba chembe za THC kutoka kwenye mmea. Kwa upande mwingine, THC-O asetati, aina nyingine ya THC ya maabara ambayo watafiti walionyesha mwaka 2022 kwamba ikipashwa joto la sigara ya kielektroniki hutoa keteni, gesi inayodhuru mapafu, inastahili kuondolewa sokoni bila mjadala. Sheria inazipa zote adhabu moja.

Kwa Wakenya na Watanzania wanaoendesha malori Marekani, tahadhari moja haitegemei mshindi wa mjadala huu: delta-8 inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo kama THC, na risiti ya duka halali haimwokoi dereva aliyefeli kipimo cha lazima.

Muda uliobaki kabla ya Novemba 2026 unatosha kuandika kifungu chembamba zaidi: asetati zipigwe marufuku, molekuli mpya zisiuzwe kabla ya kuchunguzwa, na delta-8 iuzwe kwa watu wazima pekee, kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na cheti cha maabara huru kinachotaja viyeyusho, metali na kemikali za pembeni. Mtengenezaji atakayeshindwa kukipata cheti hicho atatoka sokoni, naye ndiye aliyetakiwa kutoka tangu mwanzo.