Isiyo na Pete ni Klachi, Siyo Mimi

Kwanza kabisa: mama mkwe hajanikamata sina pete. Pete yangu ya ndoa ipo kidoleni, imebana mpaka sabuni haisaidii. Isiyokuwa na pete ni presha pleti ya gari, kile chuma kinachoibana klachi na kuiachia ukikanyaga pedali. Huyu rafiki yangu aliyewatumia humu kundini, Jumamosi usiku, ile sauti ya kwamba mkwe kanikamata, anacheka mpaka anakohoa, kachanganya mambo kwa makusudi, na kuna kipande kakiruka ambacho mimi sikiruki ng'o.

Mnaomjua Kobe mnamjua. Kwa mliojiunga juzi: ni gari langu, Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, urithi wa marehemu baba mdogo, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Alizaliwa na injini ya cc 1200. Mwaka huu nikapata ya 1600 kutoka kwa Kobe mwenzake wa miaka ya 70, mwili umeliwa na kutu lakini moyo mzima. Na injini za hawa viumbe zina uungwana mno. Zimeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti 4 tu, spana namba 17. Unafungua nyaya zake, unaweka jeki chini, unavuta nyuma, imetoka. Uungwana huo ndio unaowaponza watu kama mimi, tunajiona mafundi.

Fundi mwenyewe alikuwa Tanga msibani. Nikampigia. Akaniambia maneno ambayo leo nayakariri kama shairi la shuleni: "Klachi ina mabwana wawili, kaka. Upana unafuata flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Pete inafuata giaboksi. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chungulia giaboksi yako, halafu usi..." Hapo ikapita bodaboda iliyotobolewa ekzozi. Nikaja kusikia "sawa?" Nikajibu sawa.

Nilichokishika ni upana. Klachi ya 1200 ni milimita 180, ya 1600 ni 200. Nikachukua futi ya cherehani ya mke wangu nikapima kwa inchi: hii 7 na kitu, hii 7 na kitu. Nikaona hapana, kwa futi hii nitaumbuka. Nikaazima rula ya mtoto ya darasa la tatu. Flaiwili ya 1600 ikanipa sentimita 20 kamili. Nikaenda Gerezani, hapa Dar, kwenye maduka ya spea, nikanunua presha pleti na klachi pleti za 200, mpya, na muuzaji alipouliza "una uhakika bosi?" nikamwonesha rula. Nilitembea nayo mfukoni, ndiyo. Chekeni.

Sasa ile presha pleti ilipotoka kwenye boksi ilikuwa imevaa pete. Duara la chuma linang'aa, limekaa katikati juu ya vile vidole vya springi, limeshikwa kwa vibanio. Nikaiweka sambamba na ya zamani iliyokuja na injini. Ya zamani haina pete. Nikaangalia hii, nikaangalia ile. Saa 3 usiku, uani, nimepiga magoti, mbu wananila, na mimi katika spea nina imani moja tu: mpya ifanane na ya zamani. Nikachukua bisibisi. Tik. Tik. Tik. Pete ikanidondokea kiganjani.

Aliyekuwa ameshika tochi ni nani?

Nauliza tu. Maana kwenye ile sauti yake hakuna tochi, hakuna usiku, hakuna yeye kusema, nanukuu, "Toa hiyo, ni ya kulinda mzigo usigongwe safarini."

Leo tunajua wote wawili. Magiaboksi ya kuanzia mwaka 1971 yana bomba dogo linaloongoza beringi ya klachi, ile inayoisukuma presha pleti, iende mbele na kurudi bila kutangatanga, na presha pleti zake hazihitaji pete. Giaboksi ya Kobe wangu ni ya 1968. Haina bomba. Beringi imeshikwa na uma tu, na kazi ya ile pete ni kuipa mahali pazuri pa kusukuma. Ukiitoa, beringi inasukuma vidole vikavu, inakwenda upande huu na upande ule, inavitafuna huku na yenyewe ikitafunika. Ile presha pleti ya zamani haikuwa na pete kwa sababu giaboksi iliyoachana nayo ilikuwa na bomba. Mimi nikaenda kufananisha na mtalaka.

Pete ilikuwa nzuri, haitupiki. Nikaifunga uzi nikaitundika kwenye kioo cha kati, pamoja na tasbihi.

Siku 4 Kobe alikuwa anateleza kama sabuni kwenye vigae. Siku ya 3 akaanza kulia ukikanyaga klachi, sriii, kama panzi. Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi nikamfuata mama mkwe Ilala, nimpeleke Kigamboni kwenye shughuli ya shemeji. Amejitanda khanga mpya, pajani ana hotipoti ya kuku wa kupaka aliyempika mwenyewe, hamwamini mtu. Ningepita darajani Kurasini, gari likaenda moja kwa moja bila kusimamasimama. Lakini niliwahi kumsifia mama upepo wa bahari, nikasema tupite Magogoni, tupande pantoni. Mwanaume ukipewa mama mkwe kwenye gari lenye injini mpya, akili inahamia kwenye ekzozi.

Kwenye foleni klachi ikaanza kuwa na maneno. Gia ya kwanza inaingia kwa kukwaruza. Mama akaniangalia. Nikakohoa ili ionekane ni mimi.

Lango likafunguliwa. Tukateremka taratibu, tukaingia. Mhudumu mwenye kizibao cha kung'aa akaninyooshea mkono: njoo, njoo, njoo. Mbele yangu kuna guta limejaa machungwa mpaka juu, yamepangwa kama piramidi, mwenyewe kalishika usukani amesimama pembeni. Abiria wa miguu wamebanana huku na huku. Mhudumu akageuza kiganja: simama.

Nikakanyaga klachi.

Ngojeni hapa kidogo. Pedali ya Kobe huwa ina ubishi, ukiisukuma inakusukuma. Safari hii ilishuka kama mguu unaotafuta ngazi gizani na ngazi haipo. Ikafika kwenye zulia. Na Kobe anakwenda. Mguu wangu upo sakafuni, macho yangu yapo kwenye machungwa, na Kobe anakwenda zake, hana haraka, kama mzee anayetoka msikitini.

Nikahamia breki. Injini ya 1600 ikakataa. Breki inavuta, injini inasukuma, gari zima likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria anayebishana na daktari. Mfuniko wa hotipoti ukaanza ka-ka-ka-ka-ka. Pete kwenye kioo, ting, ting, ting.

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole mkubwa, "gari lina kwikwi?"

"Hapana mama, ni pantoni inayumba."

Pantoni ilikuwa bado imefungwa gatini, imetulia tuli.

(Najua mnachotaka kuandika. "Si ungezima swichi?" Ninyi mnaozima swichi mko kwenye makochi yenu. Mimi nilikuwa na mkwe.)

Bampa likafika kwenye guta. Mwenye guta anasema nilimgonga. Mimi nasema tulisalimiana. Chungwa la juu kabisa likatikisika, likasogea mpaka ukingoni, likakaa pale likifikiri. Nililiona. Nililiomba. Likashuka. Likadunda kwenye boneti ya Kobe, mara moja, mara ya pili, likapita mbele ya kioo upande wa mama mkwe, naye akalisindikiza kwa macho mpaka lilipopotea. Halafu wenzake wote wakaona kumbe inawezekana.

Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya machungwa mengi kwenye bati. Ni kama mvua ya wapole. Yaliingia chini ya daladala, yakaingia katikati ya miguu ya watu, wengine wakaokota wakarudisha, wengine wakaokota. Mawili yalitoka pembeni yakaenda kuogelea. Kobe akazima. Kimya. Mtoto mmoja mgongoni kwa mamake akasema, kwa furaha ya kweli, "Tena!"

Na mimi, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa bado haijaniaibisha vya kutosha, nikataka kurudi nyuma kidogo kumpa mwenye guta nafasi. Nikasahau gia ya kwanza iko ndani. Nikawasha. Klachi isiyoachia, gia iko ndani, starta ndiyo inakuwa injini. Kobe akaruka kama chura, akamsalimia mwenye guta mara ya pili. Machungwa yaliyokuwa yamebaki, yakafuata.

"Bismillahi," akasema mama mkwe, kakumbatia hotipoti. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo. "Na hii pete hapa, ni ya nini?"

"Urembo, mama."

Ting.

Upande wa pili nikaichomoa gia, lakini kuwasha tena sikuthubutu. Nyuma magari yanapiga honi. Vijana 6 wakaja kusukuma. Nikamwomba mama ashuke kidogo kupunguza uzito. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa ashuke kwenye ndoa ya binti yake. Hakushuka. Wakamsukuma kupanda ule mteremko, amekaa wima, khanga haijakunjika, anawapungia mkono wa shukrani kidogo kidogo. Na hapo nyuma, katikati ya "haya, mara moja!", nikasikia kicheko ninachokijua. Alikuwa kapanda pantoni hiyohiyo kwa miguu. Alisukuma kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na simu.

Basi. Mama akamalizia na bajaji, kuku akafika salama, machungwa nimelipa yote pamoja na yaliyookotwa na yasiyorudishwa.

Jumatatu fundi akarudi, tukashusha injini jioni kwenye giza. Beringi imesagika, vidole vya presha pleti vimechimbika kama mtaro. Fundi akaigeuza, akaigeuza tena.

"Pete yake iko wapi?"

Mimi nikawa naangalia viatu. Yule bwana alikuwa ameshika tochi, kama kawaida yake. Hakusema neno. Aliusogeza mwanga polepole, kutoka kwenye presha pleti, kupita kiti cha nyuma, kupita usukani, mpaka kwenye kioo cha kati.

Nimenunua presha pleti nyingine na beringi. Zimeshafungwa, na pete ipo inapotakiwa. Jana mama mkwe akampigia mke wangu, akauliza kama gari limeshavishwa pete. Akaambiwa limeshavishwa.

Akauliza, na mahari katoa nani?