Bweni la wasichana na unga wa geto

Hadi NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ilipoacha kutangaza shule bora, jina la St. Francis, shule ya wasichana ya Mbeya, lilikuwa limezoeleka kwenye kumi bora za kidato cha nne. Hapo ndipo wapinzani wa shule za wasichana huanzia: wanachuja wanafunzi, ada ni kubwa, watashindwaje kufaulu? Hoja hiyo ina uzito. Wengine husema binti atakuja kufanya kazi na wanaume, basi azoee kushindana nao mapema. Nao hawajakosea.

Ila tukizipima shule hizi kwa alama tu, tunamsahau binti wa mkulima wa Kilolo au Mufindi, mkoani Iringa, ambaye kinachomwangusha hakiko darasani. Kinamsubiri nje, kuanzia kengele ya kutoka hadi usiku.

Ada ya serikali, shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, ilifutwa 2016. Umbali haukufutwa. Anayetembea kutoka shule ya kata hufika nyumbani giza linaingia, maji hayajachotwa, mahindi hayajapukuchuliwa. Anayeshindwa kutembea hupangiwa geto karibu na shule: chumba kimoja, godoro chini, jiko la mkaa, na unga ambao mzazi ameupimia mwezi mzima. Ukiisha wiki ya tatu, wa kwanza kujua si mwalimu. Ni kijana wa bodaboda, au mwenye duka anayekopesha. Mimba ikionekana, mtaa unasema binti alikuwa na tamaa. Alikuwa na njaa. Na hayo yanatokea kwenye Nyanda za Juu Kusini, ambako mkoa wa Njombe peke yake, kwa utafiti wa 2022–23, ilikutwa na VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima.

Akivuka hapo, kuna shangazi anayemtafutia kazi za ndani Dar. Ukiulizia dada wa kazi kule, Iringa hutajwa mapema, na wengi tunajua aliyeondoka bila kumaliza kidato cha nne.

Pale Loleza ya Mbeya au Iringa Girls, shule za bweni za wasichana, binti huyohuyo anakula jioni, anaingia prepu, analala kwenye bweni lenye matroni. Kwa mtoto wa maskini, saa hizo tano au sita ndizo shule yenyewe.

Bweni halimfai kila mmoja. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi masomoni, na huyo anahitaji shule ya kutwa jirani na bibi anayemshikia mtoto. Pia shule mpya za sayansi za wasichana zilipangwa moja kwa kila mkoa, na vijiji vya Kilolo peke yake vingeijaza. Kwa hiyo fedha ikiwa ndogo, ningeanza na hosteli ya wasichana kwenye shule za kata zilizopo, hata kama mchana wanasoma na wavulana. Wazazi wanaolipia geto na kupeleka unga tayari wanagharamia malazi. Wapeleke unga huohuo jikoni kwenye hosteli, halmashauri ilete matroni na taa.