Msimwondolee mbwa mwitu meno

Mmeandika kwamba ngano za kale sasa zinatolewa kama vitabu vya katuni kwa watoto, na baadhi ya wazazi wanataka zilainishwe. Naomba zisilainishwe! Ngano ya Kofia Nyekundu ya Mfaransa Perrault, ya 1697, inaishia mtoto kaliwa na mbwa mwitu, basi. Katika ngano hiyohiyo kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, 1812, mwindaji anampasua mbwa mwitu tumbo kwa mkasi. Binti yangu wa miaka saba, ambaye kusoma kulikuwa kunamchosha, alifika kwenye picha ya yale meno akaifunika kwa kiganja, akachungulia kati ya vidole, kisha akasoma kila neno kwa sauti. Na jamani, hadithi ya kima na papa, aliyoichapisha mmisionari Mwingereza Steere mwaka 1870 kutoka Unguja, nani atatuchorea? Kima yuko mgongoni mwa papa, bahari pande zote, anasema moyo kauacha mtini.