Panya asiyekunywa maji na firigogo anayeyabeba

Ukianza kuzungumzia wanyama wa jangwani, hakosi mtu wa kukutajia panya-kangaruu wa Marekani. Hanywi maji! Kweli, yule panya wa Arizona mwenye miguu mirefu ya nyuma huweza kuishi kwa mbegu kavu tu. Maji huyapata mwili unapoichoma ile mbegu: gramu 1 ya wanga hutoa kama gramu 0.6 za maji. Mchana hujifungia shimoni, na mkojo wake ni mzito ajabu. Wanasayansi Knut na Bodil Schmidt-Nielsen, waliomchunguza miaka ya 1940, waliwalisha panya hao soya yenye protini nyingi ili figo zielemewe, kisha wakawawekea maji ya bahari. Wakayanywa, na wala hawakudhurika.

Panya huyu ni fundi, simnyimi sifa yake. Lakini ufundi wenyewe ni ubahili, na bahili hajawahi kunisisimua.

Mimi ni wa firigogo, ndege wa nchi kavu mwenye umbo kama la njiwa, hasa yule wa Kalahari na Namib, majangwa ya kusini mwa Afrika. Naye hula mbegu kavu, ila yeye lazima anywe. Makinda wake hudonoa mbegu hizohizo tangu wadogo, hawajui kuruka, na maji huenda yako zaidi ya kilomita 20.

Basi asubuhi dume hutua kando ya kidimbwi. Kwanza hujisugua tumbo mchangani, mafuta ya manyoya yatoke. Kisha huingia majini, mabawa na mkia kaviinua visilowe, akawa anajichovya na kuinuka, anajichovya na kuinuka. Wenzake wameshakunywa wakaondoka. Yeye bado yumo, na kozi yuko juu anatafuta kifungua kinywa. Manyoya ya tumbo lake yana nyuzi zilizojisokota, zikilowa hufunguka na kushika maji kama sifongo, takriban mililita 25. Ndege mwenyewe hafiki hata robo kilo! Anaruka hivyohivyo, mengine yakikaukia njiani, mpaka kwa makinda. Anasimama wima, nao wanajipenyeza chini yake na kuyakamua manyoya kwa midomo, utadhani wana-mbuzi wananyonya.

Mfugaji wa ndege Meade-Waldo alilieleza jambo hili mwaka 1896, kwa ndege aliowafuga Uingereza. Wengi hawakumwamini, hadi watafiti Cade na Maclean walipolithibitisha jangwani kwenyewe mwaka 1967.

Nasi firigogo tunao, Tsavo na Serengeti. Ukipita penye maji asubuhi, mwangalie yule aliyebaki peke yake, tumbo majini.