Kutoka Dodoma hadi Barossa: mkulima wetu naye awe na meza yake

Nianze na bei, maana ndiyo inayowashangaza watu wa nyumbani kila nikiwasimulia. Bonde la Barossa liko mwendo wa kama saa moja kwa gari kaskazini-mashariki mwa Adelaide, Australia Kusini, ninakoishi. Huko mtu analipa dola kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi, ili aonje mvinyo. Aonje tu. Anamiminiwa kidogo, kama mililita 30, glasi nne au tano za aina tofauti, na pembeni kuna ndoo ya kutemea. Baba mdogo, ambaye ana shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, aliposikia habari ya ndoo alicheka hadi akakohoa. "Wanalipa, halafu wanatema?" Wanatema, baba. Wengine wanatema kwa sababu ndio wanaoendesha, na polisi wa huku akikupima akakuta umefika kiwango cha pombe cha 0.05, hana muda wa kusikiliza kwamba ulikuwa unaonja tu.

(Msiokunywa mnisamehe. Leo naongelea kilimo zaidi ya pombe.)

Watanzania wenzangu wa huku hupenda kusema kwamba Barossa imetajirika kwa sababu wenzetu wana ardhi nzuri na mashine. Mimi sikubali. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati Barossa mizabibu inapukutisha majani msimu wa baridi na mavuno ni mara moja, kati ya Februari na Aprili. Tuna aina ya zabibu ya Makutupora nyekundu, tuna Chenin Blanc, na hata Syrah tunayo, ile ile ambayo Waaustralia wanaiita Shiraz na wamejengea jina duniani. Kituo cha utafiti wa zabibu kipo pale Makutupora. Hata asili zetu zinakaribiana: kwetu kilimo hiki kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki, na Barossa wakulima wa mwanzo wengi walikuwa Walutheri wa Silesia, jimbo la Prussia (Ujerumani ya zamani), waliofika kijiji cha Bethany mwaka 1842 baada ya mfalme wa Prussia kutaka kuwapangia namna ya kusali. Aliyekulia KKKT akifika mji wa Tanunda atatabasamu: makanisa ya Kilutheri kila kona, na bendi ya tarumbeta pia. Ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji wa asili, Waperamangk, Wangadjuri na Wakaurna, na siku hizi sehemu nyingi wanatajwa kwenye kibao cha mlangoni. Kutajwa tu, sijui kama kunawatosha.

Sasa tofauti yenyewe. Kwenye zile sehemu ndogo za Barossa, anayekumiminia kwenye meza ya kuonjea mara nyingi ni mtu wa shamba hilo hilo. Anakuonyesha dirishani: hii imetoka kwenye safu zile za kule kwenye mteremko, ilipandwa na babu. Ukinunua chupa, aghalabu ile ada ya kuonja inasamehewa. Hela inatoka mkononi mwako inaingia mkononi mwake, hatua chache kutoka kwenye mzabibu.

Baba mdogo anauza kwa kilo. Akikosa kiwanda anauza kwa wanaokamua mchuzi (juisi) wa zabibu, nao watauza wanapojua wao. Bei anaambiwa. Kuna msimu kiwanda kimoja kilimwahidi gari, gari likachelewa, vishada vikaozea kwenye makreti. Na miaka yote hiyo hajawahi kushika chupa inayosema zabibu hizi ni za Hombolo, za shamba la fulani. Analima kitu ambacho hajui kina ladha gani kikishakuwa mvinyo.

Msidhani Barossa haijapitia haya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zabibu nyekundu zilizidi soko, na kampuni moja kubwa ikamwagiza mtengeneza mvinyo wake, Peter Lehmann, asinunue za wakulima. Yeye alikuwa ameshawapa neno lake. Akatafuta wawekezaji, akaanzisha kampuni pembeni na kuzinunua. Hata hivyo miaka ya 1980 serikali ya jimbo iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu, na mingine iliyong'olewa ilikuwa mikongwe. Leo mikongwe iliyobaki ndiyo fahari yao. Kwenye shamba la Langmeil kuna Shiraz iliyopandwa 1843 na bado inazaa, kwa sababu filoksera, mdudu anayekula mizizi aliyeangamiza mashamba ya Ulaya, hajawahi kuingia Australia Kusini. Ndiyo maana ukitaka kuingia shambani na viatu vyako vya vumbi, ambalo linaweza kumbeba, utazuiwa, na watakuwa na haki.

Kiwanda cha mvinyo cha Seppeltsfield nao wanauza miaka. Tangu 1878 wanaweka akiba mvinyo mtamu wa kila mwaka kwenye pipa, unakaa miaka mia moja ndipo unauzwa. Ila mgeni akilipa anaweza kuonja, kutoka kwenye pipa, wa mwaka aliozaliwa. Mimi niliposikia bei ya wa kwangu nilijisikia mtu wa thamani sana, nikaagiza maji. Lakini fikirieni: mvinyo ule ni mtamu, mzito, umeongezewa nguvu ya pombe. Kiukoo ni ndugu wa Dompo, mvinyo wetu mtamu wa Dodoma. Sisi Dompo tunaifanyia utani, wao ndugu yake wamemjengea jumba na barabara yenye mitende pande zote mbili. Mitende ile ilipandwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, wafanyakazi wapate kitu cha kufanya badala ya kufukuzwa.

Chakula nacho kinauzwa kwa akili hiyo hiyo. Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima Angaston, na Tanunda kuna bekari inayochoma mkate kwa kuni tangu 1924. Kuna mettwurst, soseji ya Kijerumani iliyokaushwa kwa moshi, matango ya siki, jibini, mkate mzito. Vitamu vyote. Ila vinakuja kwenye ubao, vya baridi, vimekatwa vidogovidogo, na Mgogo akishavimaliza atauliza kwa upole chakula kinaletwa saa ngapi. Shiraz ya kule ni nzito, ina pilipili manga kwa mbali. Inamlilia mbuzi wa kuchoma, chumvi na ndimu, nyama ikiwa bado inatoa moshi. Hapo Dodoma tunawashinda, na sioni aibu kusema.

Wala Australia si wote wenye meza. Riverland, kaskazini-mashariki zaidi, zabibu nyingi huuzwa kwa tani kwa viwanda vikubwa. China ilipoweka ushuru mzito kwa mvinyo wa Australia, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi ulipoondolewa 2024, nyekundu zikajaa kwenye matangi na bei ya mkulima ikaporomoka. Malalamiko yao ukiyatafsiri kwa Kigogo utadhani ni mkutano wa wakulima wa Mpunguzi, Dodoma.

Kwa hiyo nikisikia tena kwamba dawa ya zabibu za Dodoma ni kiwanda kikubwa zaidi, napata mashaka. Kijengwe, sawa. Lakini mkulima mwenye ekari mbili apewe na njia ya kukamua kidogo chake, kibali kisichomzungusha ofisi tano, na mtaalamu wa kumwonyesha usafi wa matangi. Tangu 2024 treni ya SGR inamfikisha mtu wa Dar Dodoma kwa chini ya saa nne, na hahitaji kuendesha, kwa hiyo hata ndoo ya kutemea tunaweza kuiacha. Ashuke, apate kivuli, choo kisafi, mbuzi, na mwenye shamba wa kumweleza anachokunywa. Ila glasi ziwe za kioo. Mvinyo kwenye kikombe cha plastiki sitaunywa, hata akiumimina baba mdogo mwenyewe.